Mizinga ya Rufiji

Watoto watatu wa Kibiti, marafiki wa darasa moja, walipewa na mwalimu wao kazi ya kuandika habari za Königsberg, manowari ya Kijerumani. Mmoja, hodari wa vitabu, alileta tarehe: meli ile ilizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha katika mikoko ya delta ya Rufiji, na huko ikaangamizwa na Severn na Mersey tarehe 11 Julai 1915. Wa pili, ambaye babaye ni mvuvi, alichora ramani ya mito. Nayo ilipendeza kuliko maandishi yote. Wa tatu hakuleta ila swali. Mizinga kumi ya meli hiyo iliopolewa, ikatumiwa vitani bara. Je, ni nani walioikokota? Hapo mtoto aligusa jambo ambalo hata wataalamu hulipita upesi. Nahodha Looff ametajwa vitabuni, wakokotaji, la.

“Kisichoandikwa si historia,” alisema mwenye tarehe. Wakagombana, wasisemezane siku mbili.

Hata siku ya tatu mchoraji akaongeza chini ya ramani msururu wa watu wenye kamba mabegani, nyuso zao akaziacha bila macho wala midomo. Mwenye tarehe alitazama kitambo, kisha akatwaa kalamu, akaandika chini yao: 1915.