Jisaidie Nikusaidie Iko Mlango wa Ngapi?

Poleni na majaribio ya wiki hii, na wenzangu wa ualimu poleni mara mbili maana maandalio ya somo nayo yanatungoja. Leo sina habari za kafeteria wala za foleni ya maji bwenini. Kuna jambo limenikaa rohoni siku nyingi, nimeona nilitoe.

Naanza na swali. Ule mstari unaosema "Mungu alisema jisaidie nikusaidie", uko kitabu gani, mlango wa ngapi?

Nimewauliza wenzangu kadhaa hapa chuoni. Mmoja akasema Mithali. Mwingine akasema kwa uhakika kabisa ni Mathayo. Wa tatu, tena mtoto wa mchungaji, akasema ni Waraka wa Yakobo, akatoa simu yenye Biblia anionyeshe. Anatafuta mpaka leo!

Ukweli ni kwamba haupo. Soma kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, hutaukuta. Wazo lenyewe ni la zamani, lipo kwenye hadithi za Aesop, ile ya mtu ambaye mkokoteni wake ulikwama kwenye tope akaanza kumlilia Hercules, naye Hercules akamwambia aweke kwanza bega lake kwenye gurudumu. Yule Mwingereza Algernon Sidney akaandika maneno ya namna hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1698, na Benjamin Franklin wa Marekani akayaweka kwenye kalenda yake ya mwaka 1736. Hakuna nabii hapo, hakuna mtume. Hercules mwenyewe ni mungu wa Wayunani!

Najua kuna atakayesema, sasa kuna ubaya gani? Si ni maneno ya busara tu? Na mimi nakubali kwamba makosa mengine ya namna hii hayaumi mtu. Sote tumekua tukiimba kwamba mamajusi walikuwa watatu, wakati Mathayo 2 hataji idadi yao, anataja zawadi tatu tu. Wengi tunaamini Hawa alikula tofaa, wakati Mwanzo 3 inasema tunda na haisemi ni tunda gani. Sawa, tujisahihishe, lakini hakuna aliyewahi kulala na njaa kwa sababu mamajusi walikuwa watatu.

Hili la jisaidie nikusaidie, mimi nimemwona mtu akilala nalo njaa.

Ni mwenzetu wa kozi, jina naliacha. Muhula mmoja bumu lake lilichelewa, mambo ya karatasi na saini. Mwenyewe alikuwa amebebwa chumba cha jirani, wanalala mzungu wa nne kitanda kimoja. Akawa anakula mara moja kwa siku, jioni, chipsi kavu au mihogo ya kukaanga pale nje ya geti. Siku moja akajikaza akaenda kwa wapendwa anaosali nao, akaeleza hali yake. Akajibiwa kwa upole kabisa: dada, Mungu alisema jisaidie nikusaidie, angalia na wewe unafanya nini. Halafu wakamwombea.

Baada ya hapo hakuonekana tena kwenye maombi. Nilipomuuliza, nilidhani ataniambia amekasirishwa na wale watu. Wala. Akaniambia, "Wao wangeninyima wenyewe ningewaelewa. Lakini kama ni Mungu kasema, mimi nimlalamikie nani?"

Hilo neno lake lilininyima usingizi. Kumbe mtu akikunyima shilingi elfu mbili, amekunyima elfu mbili. Akikunyima kwa jina la Mungu, amekunyima na Mungu. Na mbaya zaidi, Mungu huyo hakusema hivyo!

Mimi nasomea kufundisha Kiswahili na Historia. Kitu cha kwanza tunachofundishwa kuhusu ufahamu ni kwamba mwanafunzi akisoma kifungu ajiulize: nani anasema? Anamwambia nani? Kabla na baada ya hapo kumesemwa nini? Mtoto wa kidato cha pili akichomoa sentensi moja katikati ya habari akajibia swali, unamkata maksi. Lakini sisi watu wa chuo kikuu, tukifika kwenye Biblia, tunachomoa mstari kama mtu anayechomoa sigara kwenye pakiti. Basi nikachukua maswali hayo matatu nikaanza kupitia mistari ambayo hapa chuoni tunapenda kuwaambia wenye shida.

Wa kwanza ni Wafilipi 4:13, ule wa kuyaweza yote katika yeye anayetutia nguvu. Umebandikwa kwenye milango ya vyumba, unatumwa kwenye simu wakati wa mitihani. Mtu akilia kwamba hali ni ngumu, anapigwa nao: unayaweza yote, kaza! Sasa nani anasema? Paulo, akiwa kifungoni. Kabla yake amesema nini? Kwamba amejifunza kushiba na kuona njaa pia. Kwa hiyo "yote" hapo ni pamoja na kupungukiwa. Na baada yake je? Hapa ndipo niliposhangaa. Mstari wa 14 unaofuata tu, Paulo anawaambia Wafilipi kwamba hata hivyo walifanya vema kushiriki dhiki yake, kisha anakumbusha kwamba hata alipokuwa Thesalonike walimtumia msaada zaidi ya mara moja. Yaani yule yule anayesema anayaweza yote, pumzi hiyo hiyo anashukuru kwa kutumiwa msaada! Wafilipi hawakumjibu "kaza, unayaweza yote". Walichanga.

Wa pili ni Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani na tumaini siku za mwisho. Mtu akipata sapu au akidisko, huo ndio wa kwanza kumfikia, kama vile Mungu ameahidi matokeo yatabadilika Ijumaa. Nani anaambiwa? Waisraeli waliochukuliwa mateka kwenda Babeli. Mstari wa 10, hapo juu yake tu, unawaambia watakaa huko miaka 70. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa wasingerudi nyumbani wakiwa hai. Wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee mji waliomo. Na ukirudi mlango wa 28 utamkuta nabii Hanania aliyewaambia mambo yataisha katika miaka miwili. Bila shaka habari ya Hanania ilikuwa tamu zaidi, lakini ilikuwa ya uongo. Mimi ahadi ya Yeremia naiamini. Ninachosema ni kwamba tusimpe mtu mstari wa Yeremia kwa sauti ya Hanania, halafu mambo yasipobadilika tumwambie hana imani.

Wa tatu ni ule wa maskini kuwa nasi siku zote, Mathayo 26:11. Huu unatumika kufunga mjadala: ndiyo hivyo, umaskini hauishi, hata Yesu alisema. Lakini maneno hayo Yesu aliyasema akiwa kati ya watu walioijua Torati, na yanaturudisha Kumbukumbu la Torati 15:11. Pale Musa anasema maskini hawatakoma katika nchi, na kwa sababu hiyo hiyo anawaamuru wamfungulie mkono ndugu yao mhitaji. Sisi tumechukua nusu ya kwanza tukaigeuza kuwa sababu ya kukunja mkono.

Hapo kuna mwenzangu mmoja alinibana vizuri. Akaniuliza, na 2 Wathesalonike 3:10 je? Asiyefanya kazi asile! Nikamwambia fungua tusome wote. Tukaona Paulo anamsema asiyetaka kufanya kazi. Asiyetaka, si asiyepata. Hapo kuna tofauti kubwa kama kati ya mvivu na mtu anayesubiri saini ya ofisi. Biblia inakemea uvivu, tena sana, soma Mithali habari za mvivu na chungu utacheka. Sitaki mtu aseme natetea wanaokopa wakanunulia vocha na nguo. Lakini uvivu wa mtu unatakiwa uujue kwanza, usiukisie. Na kwa habari ya nani anasaidiwa, Warumi 5:6 inasema Kristo alikufa tulipokuwa hatuna nguvu. Kama angengoja kwanza tujisaidie, leo tungekuwa tunasali nini?

Sasa nije kwenye jambo lililonigusa kuliko yote, maana linawahusu hata wale ambao mistari yao ipo kweli. Kitabu cha Ayubu kina milango 42, na sehemu kubwa ni mabishano kati ya Ayubu na rafiki zake. Rafiki hao wanasema mambo ambayo ukiyasikia kanisani unaitikia amina. Elifazi katika mlango wa 4 anamtaka Ayubu akumbuke ni mtu gani asiye na kosa aliyewahi kuangamia. Yamo kwenye Biblia, unaweza kuyapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Lakini fika mlango wa 42, mstari wa 7: Mungu anamwambia Elifazi kwamba amemkasirikia yeye na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kumhusu. Kwa hiyo kumbe hata kusema "imeandikwa" hakutoshi. Shetani naye, Mathayo 4, alimletea Yesu maneno ya Zaburi ya 91, hakukosea hata kitabu.

Tena angalia, rafiki wa Ayubu walipofika mara ya kwanza walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Wangeishia hapo wangekuwa marafiki bora kuliko wote. Walipoanza kuhubiri ndipo wakaharibu.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu, anayepinga anipinge kwa maandiko. Mstari wowote ambao kazi yake ni kumnyamazisha mwenye shida ili mimi nisitoe kitu, naurudisha kwenye mlango wake niusome upya kabla sijaufungulia mdomo. Mara nyingi, kama tulivyoona, mstari wa juu yake au wa chini yake unanidai pesa! Na kama ukweli ni kwamba sina, nitasema sina. "Ndugu yangu sina" ni jibu la heshima, halina dhambi. Mtu atalipokea na Mungu wake atabaki naye.

Yule dada bumu lake lilitoka baadaye. Kabla ya hapo sisi wa vyumba viwili tulichangishana kidogo kidogo, nyingine unga, nyingine maharage, tukapika pamoja kwenye jiko la umeme ambalo nisingependa msimamizi wa bweni asome habari zake. Jioni moja nikamwonyesha kwamba ule mstari haupo. Akauliza, "Una uhakika?" Nikampa simu atafute mwenyewe. Akatafuta kwa muda mrefu, hakusema kitu. Kwenye maombi bado hajarudi, nami simlazimishi. Ila wiki iliyopita aliniomba nimtafutie ule mstari wa Wafilipi, si wa 13, ule wa 14.

Kwa walio na Biblia hapo karibu, Yakobo 2:15 na 16 inamtaja mtu anayemwaga ndugu yake asiye na nguo wala chakula kwa maneno mazuri ya kumtakia amani na shibe, bila kumpa kitu. Soma uone Yakobo anaulizia faida gani. Nadhani yule mtoto wa mchungaji kitabu hakukikosea sana, alichokosea ni upande tu.

Ni hayo kwa leo. Mnaofanya mtihani Jumatatu nawaombea, na mwenye kitini cha saikolojia ya elimu anisaidie. Nimejisaidia nimeshindwa.