Fungu la Mjomba

Uislamu ni mfumo kamili wa maisha. Maneno haya niliyajua kabla sijajua kusoma. Nimeyasikia madrasa, nimeyasikia kwenye spika za Ijumaa hapa Pumwani, na siku hizi nayasikia kwenye simu, vijana wa rika langu wakibishana hadi saa nane usiku kama dunia nzima ingetulia ikifuata sharia. Mimi ni Muislamu na swali langu ni dogo kuliko lao. Mfumo kamili, sawa. Lakini wa nani? Wa waliomo tu, au hata wa jirani yangu anayeimba kwaya?

Kama unatafuta ushahidi kwamba ni wa kila mtu, anzia Majengo. Nairobi ya mkoloni haikutaka Mwafrika mwenye makao mjini. Ilitaka mfanyakazi, akimaliza kazi arudi kwao. Waliokataa kurudi walijijengea vijiji vyao, kama Pangani na Mji wa Mombasa, na mapema miaka ya 1920 serikali ikaanza kuwasukuma Pumwani. Pangani ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Humo walikuwa Wakamba, Wakikuyu, Wanubi, Wamanyema, watu wa pwani, na wengi waliishia kuwa Waislamu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu Nairobi ya enzi hizo, anaeleza jinsi wanawake waliotoka bara peke yao walivyojijengea nyumba zao hapa, wengi wakiwa wamesilimu.

Ukifikiria, inaeleweka. Mtu aliyeachana na kwao anahitaji vitu vichache tu: jina, mtu wa kumsalimia asubuhi, na watu wa kumuosha akifa. Uislamu ulimpa vyote bila kumuuliza kabila wala ukoo. Babu yangu alikuja kutoka Ukambani akiwa kijana, akapata kazi, akasilimu, akapewa jina jipya. Alipofariki, tulimzika Kariokor kabla ya jua kutua, na nusu ya waliobeba jeneza sikuwajua hata kwa sura. Hakuna harambee, hakuna kamati ya mazishi, hakuna mtu wa kuuliza huyu ni wa wapi. Siku ile niliamini kabisa kwamba mfumo huu ungemfaa binadamu yeyote.

Halafu tukafika kwenye nyumba.

Babu aliacha nyumba ya udongo na mabati, vyumba sita, vitano vya kupangisha. Aliacha nyanya, wajomba wawili, mama yangu na dada yake mdogo. Na aliacha pia mtoto wa kwanza, aliyemzaa Machakos na mke aliyemuoa kabla ya kusilimu. Huyo naye ni mjomba wangu. Ni Mkristo, mzee wa kanisa, na alikuja matangani na gunia la maembe.

Ustadh alipiga hesabu kwenye karatasi moja tu. Nyanya thumni. Kinachobaki, wajomba mafungu mawili mawili, mama na dada yake fungu moja moja. Mjomba wa Machakos hakuwemo. Wanazuoni wengi wanakubaliana kwamba asiye Muislamu hamrithi Muislamu, na Muislamu naye hamrithi asiye Muislamu. Babu angeweza kumwachia kitu kwa wasia, kwa sababu theluthi ya mali mtu anaruhusiwa kumuusia asiyekuwa mrithi wake. Hakuandika.

Binamu yangu akasema mjomba aende kortini. Si rahisi hivyo. Katiba yetu ya 2010, kwenye kifungu cha 170, inampa kadhi mamlaka pale tu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Mjomba angeweza kukataa. Lakini hata Mahakama Kuu ingeanza na sheria ya Kiislamu, kwa kuwa Sheria ya Urithi ya Kenya inasema mali ya Muislamu aliyefariki itagawanywa hivyo. Dini ya baba ndiyo inayopima fungu la mtoto, hata mtoto akiwa na dini nyingine.

Mama yangu je, aliyepewa nusu ya kaka zake? Nilimuuliza jikoni, nikiwa na hasira kwa niaba yake. Akaniambia, "Mwanangu, fungu dogo la Mungu linanitosha kuliko kubwa la wakili." Sikukubaliana naye, lakini sikuwa na la kujibu. Ameishi ndani ya mfumo huu kwa hiari yake, na hiari hiyo ina uzito.

Jioni ile mama mdogo akavunja kimya. "Huyu ni damu ya baba. Nusu ya fungu langu ni yake." Wajomba nao wakatoa, kidogo kidogo, mpaka ikafika kodi ya chumba kimoja. Ustadh alifurahi, akatukumbusha kwamba Qur'ani yenyewe inahimiza jamaa wasio warithi wakihudhuria ugawaji wapewe kitu na waambiwe maneno mema. Mjomba akashukuru, akavaa kofia yake. Mlangoni akasema polepole, "Mmenipa sadaka ya kitu cha baba yangu."

Hilo ndilo linalonikwaza. Wema ulikuwepo. Haki, kwa jicho lake, haikuwepo. Juni 2025, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao Muislamu, mtaani wapo waliosema dini inaingiliwa. Mimi nilimkumbuka mjomba. Kesi yake si hiyo, lakini swali ni lilelile: mtoto afanye nini ndipo awe mtoto?

Nenda Burma ukaone njia nyingine. Nyama nyingi jijini huchinjwa na Waislamu ili kila mteja aweze kula. Mkristo anaagiza robo yake, anakula, anaenda zake, wala hajalazimishwa kuamini chochote. Na mkataba wa Madina, wa baada ya Hijra ya mwaka 622, uliwahesabu Mayahudi na Waislamu kuwa umma mmoja, kila mmoja na dini yake. Kwa hiyo mawazo haya si mageni kwetu.

Jibu langu basi ni hili. Uislamu unaweza kuwa njia ya mtu yeyote, na Majengo ni shahidi. Kuwa sheria juu ya kila mtu ni jambo lingine, kwa sababu uzuri wa mlango wa Majengo ulikuwa kwamba mtu aliingia mwenyewe.

Na kama una mzazi mwenye watoto wa dini mbili, usingoje mahakama wala ukarimu wa ndugu. Kaa naye leo, umletee karatasi na mashahidi wawili. Theluthi ipo. Iliwekwa ili itumike.