Sanduku la Spika na Nafasi ya Mgonjwa

Gari la kijijini halina mwenyewe mmoja. Hati zake huandikwa jina la mtu mmoja, naye ndiye anunuaye mafuta na tairi. Lakini ugonjwa ubishapo hodi usiku, gari hilo huwa la jirani wote. Jambo hili mwalimu mmoja wa Budondo, kaskazini ya Jinja kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Naili, alilijua tangu zamani. Alilisahau siku alipoingiwa na hamu ya muziki.

Gari lake lilikuwa Toyota kuukuu, lenye nafasi pana nyuma ya viti. Siku za kazi lilimpeleka shuleni. Jumamosi lilichukua mahindi na ndizi hadi soko la Jinja. Redio yake ilitoa sauti nyembamba kama ya nyenje, na mlio wa ngoma haukusikika kabisa. Basi alinunua mjini spika mbili za mtumba, za inchi 15, akaazima msumeno na kuunda sanduku yeye mwenyewe: urefu sentimeta 100, kimo 50, kina 50. Hesabu hakupiga. Alidhani kwamba sanduku likizidi ukubwa, na sauti nayo huzidi uzuri. Alipomaliza, alilikaza sakafuni kwa skrubu kumi na sita, likaijaza nafasi yote ya nyuma.

Vijana wa njiani walimshangilia. Mkewe alinena mara moja tu:

"Baba watoto, na mahindi yatakaa wapi?"

Mwalimu alicheka, akaongeza sauti.

Haukupita mwezi, usiku mmoja wa mvua, mlango wake uligongwa. Mke wa jirani alikuwa ameshikwa na uchungu, na mkunga alikwisha kuona kuwa mtoto amekaa vibaya. Ilipasa afikishwe hospitali kuu ya Jinja bila kukawia. Wanawake wakamleta juu ya godoro, kwani kukaa kitini hakuweza. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa, tochi ilimulika sanduku.

Mama mkwe wa mgonjwa alilitazama, kisha akamgeukia mwenye gari.

"Mwalimu, humu umempangisha nani?"

Hakuwa na jibu. Alitafuta bisibisi, akaanza kulegeza skrubu moja baada ya nyingine, mikono ikitetemeka, na mgonjwa akiugulia chini ya upenu. Ilipita karibu nusu saa kabla sanduku halijatupwa matopeni. Kwa rehema ya Mungu walifika. Mama akapona, na mtoto pia. Hakuna aliyemlaumu mwalimu. Lakini ile nusu saa aliibeba moyoni kwa siku nyingi.

Mwingine angaliuchukia muziki. Yeye alikwenda kwa mzee mmoja seremala na kumweleza yote. Mzee hakuuliza ukubwa wa spika. Alichukua futi kamba, akamwambia mwalimu ajilaze ndani ya gari, akampima toka utosini hadi nyayoni, akachora mstari kwa chaki. "Hapa ni pa mgonjwa," alisema. "Kilichobaki ndicho chetu."

Kilichobaki kilikuwa pembe ndogo kando ya gurudumu. Hata hivyo kilitosha, na sababu yake yafaa kuelezwa. Spika inaposukuma hewa kwa mbele, huivuta ile ya nyuma kwa wakati uleule. Mawimbi hayo mawili yakikutana hubatilishana, hasa yale ya sauti nzito. Ndiyo maana spika isiyo na sanduku haina ngoma. Kazi ya sanduku ni kuyatenga. Mwaka 1954, mwaka uleule bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa hapo Jinja, Mmarekani Edgar Villchur alibuni spika yenye koni iliyoshikiliwa kwa ulegevu ndani ya sanduku dogo lililozibwa kabisa. Alionyesha kwamba hewa iliyofungiwa humo hufanya kazi ya springi, na kwamba sauti nzito haidai lazima kabati kubwa.

Mwalimu aliziuza zile spika mbili, akanunua moja ya inchi 12, iliyotengenezwa kwa ajili ya sanduku dogo. Karatasi yake iliagiza lita 30. Wakapima kwa ndani: upana sentimeta 45, kimo 34, kina 20. Zidisha, kisha gawa kwa 1,000; utapata lita 30 na ushei, na ushei huo huliwa na spika yenyewe. Mzee alikataa mbao nzima za mvule, ijapokuwa ni fahari ya Busoga, kwa kuwa ubao mzima huweza kujikunja na kupasuka katika joto la gari. Alichagua plaiwudi ya milimeta 18, akaunganisha kwa gundi na skrubu, akaziba kila mshono wa ndani kwa silikoni, na kuzungushia tundu la spika utepe wa sponji. Kisha akaisukuma koni taratibu kwa viganja na kuiachia. Ilirudi polepole, laiti ingalirudi ghafla, ingalikuwa dalili kwamba hewa inavuja.

Waya mkuu wa umeme ulitiwa fyuzi karibu na betri, umbali usiofika sentimeta 45, na palipopita bati ukavishwa mpira, kwani waya uliochubuka waweza kuliunguza gari zima. Sanduku nalo halikuachwa huru: gari lishikapo breki ghafla, mzigo wa kilo 15 huruka na kuumiza abiria. Lakini badala ya skrubu kumi na sita, mzee alitumia bolti mbili zenye nati za masikio, zifunguliwazo kwa vidole vitupu, na waya akaufunga kwa plagi ya kuchomoa.

Jioni hiyo muziki ulipigwa uani. Sauti haikuwa kubwa kama ile ya kwanza, bali ngoma ilisikika wazi, kila pigo na mwanzo wake na mwisho wake. Mwalimu alitabasamu. Mkewe hakusema neno juu ya muziki. Aliingia ndani, akatoka na saa mkononi, akazima taa ya uani.

"Litoe," alisema.

Gizani mwalimu alipapasa nati, akachomoa plagi, akalibeba sanduku hadi barazani. Mke akamulika saa yake: dakika moja na nusu.

"Haya," alisema, "sasa gari limerudi."