Chupa za Kabati la Baba

Ndugu msomaji, ukikaribishwa kwa mara ya kwanza nyumbani kwa mtu, macho yako hutua wapi? Utasema hutua usoni pa mwenyeji wako. Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Lakini ukweli ni kwamba tukishasalimiana na kuonyeshwa kiti, macho huanza kutambaa ukutani. Hupita kalenda, hupita picha ya arusi, yakafika kwenye kabati la vioo, na hapo yakatulia.

Mwezi uliopita nilikuwa natarajia wageni kutoka kazini, na mmoja wao ni mkubwa wangu. Mke wangu alikuwa jikoni tangu asubuhi. Mimi kazi niliyojipa ilikuwa kupanga chupa. Nilikuwa nazo nne tu, moja tupu, na nilijikuta nikiigeuza ile tupu ili chapa yake itazame mlangoni, kisha nikaisogeza nyuma kidogo ili utupu wake usionekane. Mke wangu alisimama akanitazama, akasema, "Baba Neema, huo mkono ni wa baba yako." Kisha akarudi jikoni. Nikaketi chini.

Kabati la nyumbani kwetu Tabata lilikuwa la mninga. Baba alilichongesha kwa fundi wa Keko mwaka 1985, na mama alipenda kusimulia kwamba lilipoletwa kwa mkokoteni watoto wa mtaa mzima walilisindikiza kama wanavyosindikiza bibi arusi. Rafu ya chini ilikuwa ya vyombo vya mama. Ya katikati ilibeba redio, nayo ilifunikwa kitambaa cha kufuma. Rafu ya juu, nyuma ya kioo chenye kufuli, ilikuwa ya chupa za baba, na ufunguo wake ulikaa katika mfuko wa shati lake, Jumapili na siku za kazi.

Mkuu wa chupa zile ilikuwa moja ya Johnnie Walker, ya pembe nne, yenye yule bwana wa kofia ndefu anayetembea bila kufika. Baba alikuwa mtunza ghala wa shirika moja la umma, na chupa hiyo alipewa mwaka 1982 na mhandisi wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao. Ulikuwa wakati wa dhiki. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kuiacha nchi haina fedha za kigeni. Sabuni ilipangiwa foleni, na bia yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Mwaka uliofuata, 1983, yalipoanza mapambano dhidi ya wahujumu uchumi, aliyekuwa na kitu cha kigeni alilala jicho moja wazi. Watu walitupa bidhaa usiku. Baba aliifunga chupa yake katika khanga ya mama, akaizamisha ndani ya pipa la mchele, nayo ikakaa humo miezi. Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, chupa ilitolewa mcheleni, ikafutwa, na mwaka uliofuata ikajengewa nyumba. Kwa hiyo kabati lilichongwa kwa ajili ya chupa. Vyombo vya mama vilialikwa tu.

Baada ya hapo zilifuata nyingine: brandi, jini, konyagi yetu ya hapa nchini, na mvinyo wa Dodoma ambao baba aliusimamisha wima miaka yote, hali chupa ya kizibo cha gome hupaswa kulazwa ili kizibo kisikauke. Aliamini pia kwamba ile ya pembe nne ilikuwa ikipata nguvu kila mwaka. Sikumpinga, kwa kuwa nilikuwa mtoto na sikujua. Wiski huzeeka ndani ya pipa la mti wa mwaloni, na sheria ya huko Scotland hudai isipungue miaka 3. Ikishatiwa katika chupa ya kioo, umri wake umekoma. Kilichokuwa kikizeeka pale sebuleni ni sisi.

Wala isidhaniwe kwamba ni ugonjwa wa wanywaji peke yao. Jirani yetu alikuwa Mwislamu safi ambaye hakupata kuonja tone, na kabati lake lilikuwa na seti ya vikombe vya China ambavyo, kwa miaka yote niliyocheza na wanawe, havikuguswa na chai.

Kwetu vinywaji vilikuwa na vyeo. Soda ilikuwa ya akina mama wa kanisani na ya watoto. Bia ilikuwa ya wafanyakazi wenzake baba. Konyagi ilikuwa ya marafiki wa ndani kabisa. Ile ya pembe nne ilikuwa ya wakubwa, tena wakubwa wenyewe walionyeshwa zaidi kuliko kumiminiwa. Kwa zaidi ya miaka 10 haikupata kupungua hata nusu.

Basi alikuwako baba mkubwa. Huyu ndiye aliyeacha shule ili baba aendelee, na ndiye aliyeuza ng'ombe wawili kumlipia ada. Kila masika alikuja kutoka Kalenga, Iringa, na galoni la ulanzi mapajani. Anayeujua ulanzi anajua kwamba haufungiki: ukigemwa kwenye mwanzi huendelea kuchacha, na ukiubana kifuniko hupasua galoni. Kwa hiyo baba mkubwa alisafiri njia nzima, Ruaha Mbuyuni, Mikumi, Morogoro, akishikilia kifuniko kilicholegezwa, huku abiria wakinung'unika harufu. Akifika, galoni lilipelekwa uani. Yeye aliletewa bia moja sebuleni kwa heshima, akaimaliza taratibu, kisha akatoka kwenda kuketi uani na galoni lake na mlinzi wa nyumba ya pili. Sikumsikia akilalamika. Alikuwa na mazungumzo mazuri uani, na mimi nilipenda kuketi huko.

Mwaka 1996 baba alipunguzwa kazini, yeye na wenzake wengi. Malipo ya mkono yakaisha kabla mwaka haujaisha. Ada zetu zilipodaiwa, mama alikwenda kwa mwenye baa wa mtaa wa pili, aliyekuwa akiuza vinywaji vikali kwa toti, wakapatana bei. Baba alikubali kwa sharti moja: viende vinywaji, chupa zirudi.

Chupa zikarudi. Usiku ule mama alichemsha chai ya rangi, akaichuja mara mbili kwa kitambaa, nami nikashika taa. Jini na konyagi zilikuwa rahisi. Zilitiwa maji ya bomba. Brandi ilitaka majani mengi. Ile ya pembe nne ndiyo iliyotutesa, kwa sababu baba aliinua chupa mbele ya taa na kusema rangi bado, bado, mpaka karibu saa saba. Na chai huota ukungu. Kila baada ya wiki mbili tatu tuliamka usiku, tukamwaga, tukaosha, tukajaza tena. Mgeni akiuliza, baba alisema chupa ile imewekewa siku ya mahari ya dada yangu.

Aprili 1998, baada ya mvua za El Niño, baba mkubwa alikuja. Alikuwa amekonda, na safari ilikuwa imemchosha. Alikunywa bia yake, lakini safari hii hakutoka kwenda uani. Alilitazama kabati kwa muda, akasema, "Mdogo wangu, mimi nimekwisha kuwa mzee. Nionjeshe ile ya wakubwa, nikawasimulie wenzangu."

Niliuona mkono wa baba ukienda mfukoni palipokuwa na ufunguo. Ukakaa hapo. Mama alikuwa mlangoni na sahani, hakusogea.

"Ile si yangu, kaka," baba akasema. "Ni amana ya mtu."

"Haya," akajibu baba mkubwa. Akauliza habari za masomo yetu.

Asubuhi aliondoka na galoni akaliacha, halijafika nusu. Hakulala tena nyumbani kwetu. Akija Dar es Salaam alifikia Mbagala kwa mpwa wake, akatutembelea mchana, akanywa maji. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na sioni maelezo mengine: baba aliona ni afadhali nduguye amwite mchoyo kuliko kumjua fukara. Na nduguye ndiye mtu pekee ambaye angempa mahindi bila kumsimanga. Kwa hilo sijamwelewa baba, ingawa kwa mengine yote nilimsamehe.

Tulimzika Kalenga, Februari 2011. Siku ya pili ya matanga nilimfuata baba mkubwa nyuma ya nyumba, alikokuwa ameketi peke yake na kopo la ulanzi, nikamweleza kila kitu: mwenye baa, kitambaa cha kuchujia, taa, ukungu. Alisikiliza akitazama migomba. Nilipomaliza, alikaa kimya kitambo kirefu hata nikadhani nimekosea kusema.

"Chai," akasema.

"Chai, baba."

"Ilikuwa na sukari?"

Nikamwambia haikuwa nayo, kwa kuwa sukari ingevuta sisimizi kabatini. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akajifuta macho kwa kiganja, kisha akanisogezea kopo lake.