Mbwa Wetu na Baisikeli ya Mwenzetu

Hakuna apandaye baisikeli asiyemjua mbwa. Mwenye motokaa hupita akamsahau. Aendaye kwa miguu humwona mapema. Lakini sisi wa magurudumu mawili twamfikia ghafula, na miguu yetu imening'inia mbele ya meno yake. Basi leo twapenda kuwasimulia mambo mawili yaliyotupata: la kwanza lilituchekesha, la pili lilitutia haya.

Tulipoanza kazi ya ualimu tulipewa shule iliyo nje ya mji wa Lubumbashi, upande wa barabara ya Kasenga. Kila alfajiri tulipanda baisikeli yetu, au kinga, kama wengi wasemavyo huku Katanga, tukashika njia ya vumbi jekundu katikati ya vichuguu vikubwa. Ilikuwa kilometa 11 kwenda na 11 kurudi. Hatukuogopa mvua wala upepo wa kiangazi. Tuliogopa ua mmoja tu, wenye mwembe mbele yake, kwa maana chini ya mwembe ule alilala mbwa wa rangi ya majivu.

Siku ya kwanza aliporuka kutufukuza, tulifanya kama wafanyavyo watu wengi: tulikanyaga kwa nguvu zote, huku tukirusha teke kwa mguu wa kuume. Teke likapiga hewa, gurudumu la mbele likapinda, nasi tukalala mavumbini pamoja na madaftari ya wanafunzi. Mbwa akasimama, akatutazama kana kwamba yeye pia ameshangaa, kisha akarudi kivulini. Watoto wa njiani walicheka mpaka machozi. Tulifika darasani suruali imepasuka magotini.

Jirani yetu, mzee aliyekuwa mwindaji katika ujana wake, alisikia habari akatujia jioni.

"Mwalimu," akasema, "mbwa hakuchukii wewe. Anafukuza kinachokimbia, kama babu zake walivyofukuza paa. Tena yeye anaulinda ua wake. Kila asubuhi wewe unakimbia, naye kila asubuhi anajiona ameshinda. Nani basi anayemfundisha ubaya huo?"

"Nifanye nini, mzee?"

"Acha kukimbia."

Akatufundisha, nasi twawapa ninyi mafundisho yale bila kuongeza chumvi. Umwonapo mbwa anakuja mbio, punguza mwendo, ushuke upande asiokuwako, ili baisikeli iwe ukuta kati yako na yeye. Usipige kelele, usirushe mateke, wala usimkazie macho. Sema naye kwa sauti nzito, kama mwenye nyumba asemavyo: "Rudi! Nyumbani!" Kisha tembea polepole, baisikeli ubavuni, usimpe mgongo, mpaka umeupita mpaka wa ua wake. Asipotii, inama kama mtu aokotaye jiwe. Mbwa wengi wa huku kwetu huijua sana ishara hiyo, hata kama mkono ni mtupu. Na ikiwa amekwisha kukuangusha, jikunje kama mtoto alalaye, ufunike shingo na masikio kwa mikono, utulie.

Tulifanya hivyo kwa muda wa juma moja. Siku ya kwanza mbwa yule alibweka sana akatuzunguka. Siku ya tano aliinua kichwa tu. Juma la pili hakuinuka kabisa. Tukajiona hodari, tukaanza kuwafundisha wanafunzi wetu, na kila aliyelalamika juu ya mbwa tulimwambia: "Kosa ni lako, hujui kushuka."

Sasa sikilizeni jambo la pili. Baada ya miaka michache wezi waliiba kuku wetu, nasi tukatafuta mbwa. Tulimpata mdogo, mwekundu, mwenye mkia uliojikunja, tukamwita Simba. Alikua vizuri. Wezi hawakurudi. Lakini Simba alianza kutoka uani na kufukuza baisikeli barabarani. Tulimwona, tukacheka. Mama watoto alituonya mara mbili: "Baba, mfunge mbwa huyu, atauma mtu." Tukajibu kwamba mbwa asiye mkali hana faida. Kumbe, mbwa wa jirani tulimwita mkali. Wa kwetu tulimwita mlinzi!

Asubuhi moja mtu alibisha hodi. Alikuwa mmoja wa vijana wale waletao makaa mjini kwa baisikeli. Ninyi mnaowajua mnajua mzigo wao: magunia makubwa yamefungwa nyuma na ubavuni, hata hakuna mahali pa kukaa, na mwenye baisikeli huisukuma kwa miguu safari nzima, mgongo umepinda. Kijana huyu alikuwa amevikunja vya chini vya suruali yake, na damu ilikuwa ikishuka mpaka kwenye viatu.

"Bwana mwalimu," akasema kwa utaratibu, "sikuja kugombana. Nimeambiwa mbwa ni wako. Nataka kujua tu kama amechanjwa."

Tukanyamaza. Simba hakuwa amechanjwa hata mara moja.

Kwa kutojua la kusema, tukamwuliza neno ambalo mpaka leo latuchoma: "Mbona hukusimama ukaweka baisikeli kati yenu?"

Akatutazama. "Nilikuwa nimesimama, mwalimu. Nilimwona akija. Lakini ningeiachilia, makaa yote yangemwagika barabarani, na mengine si yangu."

Hapo ndipo tulipofahamu. Mashauri yale ya mzee yalikuwa mema, lakini ni ya mtu mwepesi, aliyebeba madaftari tu. Aliyebeba mzigo mzito hawezi kushuka, kwa kuwa hakupanda. Hawezi kukimbia, wala hawezi kuzunguka upande wa pili. Hata mama aliyempakia mtoto mgongoni, au mtoto wa shule kwenye baisikeli iliyomzidi kimo, hawezi. Ushujaa wetu wote wa barabarani haukumsaidia mtu huyu kitu. Kilichoweza kumsaidia kilikuwa kamba moja na lango lililofungwa, navyo vilikuwa mikononi mwetu.

Tuliosha jeraha lile papo hapo, kwa sabuni na maji mengi yenye kutiririka, muda wa robo saa nzima. Ndiyo dawa ya kwanza, na kila nyumba inayo. Hatukupaka mafuta wala majivu wala majani. Kisha tukaenda naye hospitali, akaanza kuchomwa sindano za kukinga kichaa cha mbwa siku ile ile. Majirani wengine walisema tumwue Simba mara moja. Mwuguzi akakataa. Akasema mbwa afungwe, alishwe, aangaliwe siku 10: akiwa mzima baada ya siku hizo, basi alipouma hakuwa na ugonjwa mateni. Lakini sindano za mtu, akasema, hazingojei mbwa.

Wasomaji wapenzi, siku zile 10 zilikuwa ndefu. Kila asubuhi tulimpelekea Simba maji, tukasimama tukimtazama kama anakunywa. Maana ugonjwa huo twajua ulivyo. Hutoka katika mate, hufuata mishipa ya fahamu polepole mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi hukaa kimya miezi 2 au 3. Jeraha limekwisha kupona, mtu amesahau. Ukijionyesha, mgonjwa akaanza kuogopa maji na kushindwa kumeza, karibu hakuna aponaye. Lakini kabla ya hapo waweza kuzuiwa kabisa. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alianza kumchoma sindano mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa siku mbili kabla. Alichomwa sindano 13, akaishi. Hata alipokuwa mtu mzima akawa bawabu wa taasisi yenye jina la Pasteur. Tangu siku hizo dunia yaijua njia. Hata hivyo maelfu kwa maelfu ya watu hufa bado kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na katika kila watu 10 wanaoumwa na mbwa wenye kushukiwa, 4 hivi ni watoto wasiofika miaka 15. Wengi hufa kwa kuwa walinyamaza, au kwa kuwa chanjo ilikuwa mbali, au kwa kuwa mwenye mbwa alijificha.

Siku ya 10 Simba alikunywa maji yake, akatikisa mkia. Mwuza makaa alipona. Gharama zote tulilipa sisi, pamoja na siku alizokosa kazi. Wala hatusemi hayo kwa kujisifu, maana ilikuwa deni. Simba alichanjwa, huchanjwa kila mwaka, na mchana hufungwa. Usiku ndipo hufunguliwa ndani ya ua.

Ninyi wanafunzi, jifunzeni kushuka na kusimama. Mkiumwa, hata kama ni alama ndogo ya jino, hata kama mbwa ni wa mjomba na suruali imepasuka, semeni nyumbani siku hiyo hiyo. Nanyi wazazi, msimpige mtoto kwa ajili ya suruali, asije akaficha jeraha.

Nasi wenye mbwa, kinga hupita tiba. Wala hapa hatusemi ile kinga ya magurudumu mawili. Ua ni wetu, tuulinde. Barabara ni ya wote, na kwanza ni ya yule aliyelemewa na mzigo. Kijana yule bado hupita mbele ya lango letu. Hutusalimu, kisha hutupa jicho kwenye kamba kabla ya kuendelea na njia yake. Hatumlaumu.