Umbo Kabla ya Hesabu

Hesabu ni mtumishi mtiifu. Humfanyia kazi kila aiamuruye, wala haimwulizi kama aliyoipa ni kweli au si kweli. Neno hili huwaambia wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu, na mfano wake hupenda kuutoa katika mawimbi, maana sisi watu wa Chara tu majirani wa Ghuba ya Ungwana.

Siku hizi wataalamu hutumia kompyuta kukadiria mwendo wa wimbi kabla halijafika pwani. Ramani ya bahari hugawanywa vipande vidogo, kila kipande kikapewa kina chake, kisha wimbi likahesabiwa kutoka kipande hata kipande. Kasi ya tsunami ina kanuni nyepesi: zidisha kina kwa 9.8, halafu tafuta kipeuo cha pili. Penye kina cha mita 4,000 wimbi hukimbia karibu mita 198 kwa sekunde. Penye mita 40, karibu mita 20. Penye mita 10, karibu mita 10 tu.

Basi ramani ikisema mita 10 mahali penye mita 40, wimbi litapita hapo kwa nusu ya muda uliotazamiwa. Kompyuta haikukosa hata tarakimu moja. Umbo ililopewa silo umbo la bahari.

Pengine utasema, "Tugawe vipande vidogo zaidi." Chora pembesita ndani ya duara. Jumla ya pande zake ni vipenyo 3 kamili, hali mzingo wa duara ni vipenyo 3.14. Kata kila upande vipande elfu. Jumla itabaki 3 ile ile, mpaka mistari yenyewe ikubali kufuata duara. Ndivyo ilivyo pwani yenye ghuba ikichorwa kwa mistari iliyonyooka.

Kwetu jambo hili si mchezo wa ubaoni. Mto Tana humwaga tope baharini, na sakafu ya bahari hubadilika. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliyoanzia Sumatra ilivuka Bahari ya Hindi ikafika Kenya, na huko Somalia ikaua watu karibu 300. Kwa mvuvi aliye ufukweni, dakika chache za onyo ni uhai.

Kwa hiyo, kijana upendaye hesabu, mheshimu baharia ashushaye bildi kupima kina. Kazi yake hutangulia yako, nayo ikiharibika, werevu wako hautaitengeneza.