Nilikuwa wapi wiki tatu hizi

Sijaandika lolote hapa kwa wiki tatu, na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha. Sijaacha. Binti yangu, mwenye umri wa miaka 2 na miezi 8, alifanyiwa upasuaji wa kuondoa tonsili pamoja na zile nyama zilizo nyuma ya pua. Sasa amelala, nami nimepata saa moja ya kuwasimulia.

Mtoto huyu alikuwa anakoroma kama mzee. Wageni walicheka, nasi tukacheka nao. Lakini tangu mwaka jana mkoromo ulianza kukatika. Kifua kinapanda, hewa haiingii, kimya. Kisha anashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Nilimrekodi kwa simu kwa siku tatu mfululizo, nikampelekea daktari. Daktari alitazama video moja, akamwangalia mtoto kooni, akasema tonsili zinakaribia kugusana. Akatueleza kwamba mtoto anayekosa hewa usingizini hapumziki hata akilala usiku kucha. Ndiyo maana mchana alikuwa mkali, na uzito wake hauongezeki.

Tarehe ikapangwa. Maagizo ya kwanza yalihusu tumbo: chakula kikome saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, maji matupu saa 2 kabla. Sababu ni kwamba mtu aliyepewa nusukaputi hawezi kukohoa, na kilicho tumboni kikipanda kinaweza kuingia mapafuni. Sasa jaribu kumweleza hayo mtoto wa miaka 2, alfajiri, analilia chai.

Hospitalini yakaanza maswali. Mtoto anaitwa nani? Anafanyiwa nini? Kuna dawa inayomdhuru? Amekula lini? Tuliulizwa mapokezi, tukaulizwa wodini, tukaulizwa tena kwenye mlango wa thieta. Mama mkwe wangu, ambaye alikuja nasi, uvumilivu ukamwishia. "Kwani hawa hawasomi faili?"

"Mama, wacha waulize," nikamwambia.

Ukiwa mwandishi wa programu utanielewa. Hatukubali data kuwa safi eti kwa sababu ilikaguliwa mlango uliotangulia. Kila mlango hukagua upya. Madaktari nao wana utaratibu huo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuthibitishwa katika hatua tatu: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kukatwa, na kabla ya kutoka thieta. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, moja ikiwa hapa jirani, Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hakukuwa na mtambo mpya wala dawa mpya. Ni karatasi moja, na watu waliokubali kuulizana kwa sauti.

Daktari wa usingizi aliniruhusu nimshike binti yangu mpaka alale. Kinyago kikawekwa, akapigana nacho, macho yakageuka, mwili ukalegea mikononi mwangu. Hakuna aliyekuwa amenitayarisha kwa ulegevu ule. Nesi akanigusa bega: "Baba, sasa tuachie." Nikatoka. Mke wangu alikuwa anasali kwenye benchi. Mimi nilihesabu vigae vya ukuta, nikimaliza naanza upya, kwa muda wa dakika 50.

Alipotolewa alikuwa analia, na sijawahi kufurahia kilio namna ile. Kwenye kidole chake cha mguu walikuwa wamemfunga oksimita, ile yenye mwanga mwekundu. Kifaa hiki hupitisha mwanga wa aina mbili mwilini, mwekundu na ule usioonekana ulio jirani yake, infraredi. Damu yenye oksijeni na damu isiyo nayo hufyonza miali hiyo kwa viwango tofauti, na hesabu hutokana na tofauti hiyo. Aliyegundua njia hii ni mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, miaka ya mapema ya 1970. Alikuwa akipima kitu kingine kabisa, na mapigo ya moyo yalikuwa yakimharibia vipimo. Katika kuhangaika kuyafuta, akagundua kwamba takataka zile ndizo zilizobeba habari za oksijeni. Alifariki mwaka 2020.

Skrini ilisoma 96. Nikaikodolea macho, kwa maana mimi ni mtu wa skrini. Lakini nesi hakuitazama sana. Alimtazama mtoto: midomo, kifua, jinsi mbavu zinavyovuta. Nilipomuuliza alijibu, "Namba inanisaidia, lakini mgonjwa wangu ni huyu." Ana sababu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwezi Desemba 2020 ulionyesha kwamba oksimita ilishindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya ilivyoshindwa kwa wagonjwa weupe. Rangi ya ngozi huathiri mwanga unaopita. Kifaa ni kizuri na kimeokoa wengi, ila kilipimwa zaidi kwa ngozi zisizofanana na ya binti yangu. Sisi tunaotengeneza vitu tujiulize tunavijaribu kwa nani.

Nyumbani ndiko kazi ilikokuwa. Tulibandika jedwali kwenye friji: dawa ya maumivu kwa saa zake, mchana na usiku, hata kama amelala. Maumivu yakitangulia, mtoto hakubali kumeza, asipomeza koo linakauka, na maumivu yanazidi. Jamaa mmoja alituletea dawa ya kikohozi yenye kodeini. Tukamshukuru, tukaiweka kando. Ini la baadhi ya watu hugeuza kodeini kuwa mofini haraka mno, na mtoto anaweza kuacha kupumua. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza mwaka 2017 kwamba walio chini ya miaka 12 wasipewe.

Siku ya saba alitema mate yenye damu, saa nane usiku. Tulikuwa tumeonywa kwamba gamba la kidonda hubanduka kati ya siku ya 5 na ya 10, na kwamba damu yoyote ni ya kurudi hospitalini. Tukarudi mbio. Ilikuwa kidogo, ikakoma yenyewe, lakini walimlaza hadi asubuhi.

Sasa analala kimya. Usiku wa kwanza wa kimya hicho mke wangu aliamka mara nne kumwekea mkono kifuani. Mimi niliamka mara tano.

Kama mtoto wako anakoroma karibu kila usiku, na hasa kama pumzi inakatika, usicheke tu. Mrekodi, umpeleke kwa daktari. Na wakikuuliza jina lake kwa mara ya tatu, wajibu kwa furaha.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mada yetu ya hifadhidata.